Doa la Kahawia Katikati ya Majengo

Mimi shule niliishia darasa la tatu, shamba la ulezi likanihitaji zaidi. Kwa hiyo mkwe wangu aliponiita sebuleni niamue juu ya picha aliyochora mjukuu wangu, nilijua ameniita kwa kuwa ana hakika sitaona kitu. Yeye ni mtu wa Mbeya, ana duka hapa mjini kwetu, mtaa wa Majengo, na kitu kisichoeleweka hakipendi. Alikuwa ametangaza mbele yetu: bibi akiitambua picha, binti yake aendelee na rangi zake, asipoitambua, makopo yote yatoke nyumbani na jioni awe anakaa dukani.

Binti alikatazwa kunisaidia. Alisimama mlangoni akitafuna kucha.

Nikaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kuigusa, kama ninavyochambua ulezi kwenye ungo. Hapo nilikosea. Niliona matope tu. Rangi juu ya rangi, mtu hana uso, pikipiki haina magurudumu. Nami kubembeleza sijui, nikamwambia binti kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "Mke mwenzangu, hawa watu wako umewanyima hata miguu."

Mkwe akacheka. Binti akainamisha kichwa, na kile kichwa kilichoinama kikaniuma. Nikarudi nyuma hadi kwenye kiti cha ukutani, nikaketi, nikainua macho.

Picha ikafunguka. Ile michirizi myekundu ilikuwa pikipiki zinazokimbia hata jicho halizishiki. Ya njano, madumu yaliyopangwa nje ya maduka. Na vumbi lile la kiangazi, Majengo yenyewe saa nne asubuhi. Ila katikati, chini, palikuwa na doa la kahawia, na barabara nzima imejipinda kulizunguka.

"Hilo gunia hata mimi nimeliona, mama," mkwe akasema alipoona nalikazia macho lile doa. "Limeanguka njiani."

Mimi nilikwisha kulijua. Wiki chache nyuma, nikitoka sokoni na mjukuu wangu, nilikutana na mama mmoja wa kijiji cha Pito, mkubwa wangu kwa umri. Nikachuchumaa palepale barabarani, nikampigia makofi ya taratibu kama tunavyosalimia sisi Wafipa. Pikipiki zikapiga honi. Mjukuu akanivuta mkono akisema nisimame, watu wanatuangalia. Nikasimama. Sikusema naye mpaka nyumbani, na chakula chake siku hiyo sikukisifia.

"Siyo gunia," nikamwambia mkwe. "Ni mwanamke amechuchumaa anasalimia. Tazama kifuani, hizo alama mbili nyeupe ni viganja. Ni mimi huyo."

Mkwe akaja akasimama karibu na kiti changu, akatazama kwa muda mrefu. Akamuuliza binti yake kama ni kweli. Binti akasema ni kweli, kisha akanigeukia mimi.

"Siku ile nilidhani wanatucheka, bibi. Nilipoanza kuchora ndipo nikakumbuka. Walikuwa wanakupisha."

Nilimvuta akae karibu yangu, basi.

Mkwe hakukiri kushindwa; aliuliza tu nyundo iko wapi. Akaitundika picha mwenyewe, ikakaa upande, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Makopo ya rangi yako chini ya dirisha mpaka leo. Wageni wakija huuliza gunia hilo limefuata nini barabarani, nami nawatuma wakakae kwenye kile kiti changu. Ila miguu bado naidai.