Ulezi wa Mdogo Wangu Kwenye Kizuizi

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, alikuja katibu wa chama, mtu wa Mbeya, tumbo mbele, sauti nyuma. Akapanda juu ya kreti: "Wananchiii! Wapigania uhuru wa Msumbiji ni damu yetu! Kila nyumba debe la ulezi!" Mimi nilipiga makofi kuliko wote, nikatoa debe limejaa linamwagika. Msumbiji sikuijua iko wapi. Ila mtu anayepigwa kwao nilimwelewa.

Wiki ileile mchuuzi wa chumvi akaniambia mdogo wangu, aliyeolewa ng'ambo, Zambia, amejifungua, na maziwa hayatoki. Kwetu mzazi hunyweshwa uji wa ulezi wa kwao, uliopikwa na mama yake au dada yake. Mama alishakufa. Nikajitwika debe langu la mwisho, nikatembea siku mbili.

Mpakani kuna mti umelazwa njiani, na mgambo wa masharubu. "Mama, nafaka haivuki. Magendo hayo."

"Magendo gani? Ni ya mzazi, mdogo wangu."

"Mdogo wako sasa Mzambia. Nchi ni nchi."

"Ahaa! Watu wa Msumbiji sijawaona hata kisogo, mkaniambia damu yangu. Huyu nimembeba mgongoni, leo mgeni?"

Akakohoa kama mbuzi aliyelamba majivu. "Amri, mama."

"Amri inasema debe lisivuke. Sawa, halivuki. Na mimi sitoki."

Nikapanga mafiga palepale, hatua moja kabla ya mti. Mke wa mgambo akaniletea chungu na jiwe la kusagia, mume hakuulizwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa anavuka na kuni nikamtuma: mwambie mdogo wangu aje.

Kesho yake mdogo wangu akaja anayumba, kichanga kinalia kama paka. Akanywa kata nzima amesimama Zambia, chungu kinachemka Tanzania. Mgambo anazunguka, anajisemea, "Uji ulioiva... uji ulioiva haumo kwenye karatasi yangu."

Siku ya tano mtoto alinyonya mpaka akasinzia, maziwa yanamchuruzika shavuni. Mdogo wangu akalia, mimi nikamcheka.

Mgambo akaja: "Sasa unaondoka, mama?"

Nikainamisha debe, nikachungulia ndani. "Bado vibaba viwili. Ongeza kuni."

Akaenda kuzileta.