Kibao cha Feni

Nani aliwaambia wauza vifaa vya kompyuta wa Ifakara kwamba laptop zote ni saizi moja? Ningempata huyo mtu ningemkalisha juu ya laptop yangu saa nane mchana, mwezi wa Novemba, ajionee.

Laptop yangu ni kubwa, skrini inchi kumi na saba, kwa sababu riziki yangu ni kuhariri video za harusi na komunio. Safari hii, hata hivyo, kazi ilikuwa ya nyumbani. Baba alikuwa ametimiza mwaka tangu atutoke, misa ya kumbukumbu ilikuwa Jumamosi, na mama alitaka jambo moja tu: ndugu wakirudi kutoka kanisani wamsikie mzee akiongea. Nilikuwa na vipande vyake vingi vya video. Anakohoa kwanza, halafu anasimulia walivyohama kutoka Mahenge. Lakini kila nikianza kuviunganisha, laptop inachemka kama sufuria ya ubwabwa, kisha inazima.

Nikaenda madukani na laptop yenyewe begani, kutafuta kibao cha feni cha kuwekea chini yake kiipoze. Muuzaji wa kwanza akaniletea kibao chenye feni mbili na taa za rangi. Nikaiweka laptop juu yake. Pembe zote nne zikabaki nje.

“Inakaa vizuri tu, dada,” akasema. “Halafu cheki hizo taa.”

Taa! Mimi naunguliwa, yeye ananionyesha disko.

Duka la pili walikuwa na kikubwa, ila feni yake ilikuwa moja, katikati kabisa, na laptop yangu inavuta hewa pembeni. Niliigeuza nimwonyeshe muuzaji matundu yake. Akacheka.

“Dada, unakagua utafikiri uko mnadani unanunua ng'ombe.”

“Ng'ombe angalau najua anapumulia wapi. Wewe unauza upepo na hujui unakoelekea.”

Akanuna. Akainama chini ya kaunta, akaibuka na boksi lililojaa vumbi la pumba. Ndani mlikuwa na kibao kipana cha wavu, feni kubwa kila upande. Kumbe kilikuwepo muda wote! Kwa nini alikificha?

“Hakina taa, dada. Watu hawakitaki.”

Nilikinunua kwa hasira, nikatoka bila kuaga, na kwetu kutoka bila kuaga si jambo dogo.

Nyumbani nilikiweka kwenye meza ya sebuleni, laptop juu yake. Feni zikavuma, na kwa mara ya kwanza kazi ikaenda. Baba akakohoa, akaanza kuongea. Mama alisimama mlangoni akisikiliza. Nikaiacha video ijimalizie yenyewe, nikaenda parokiani kuulizia saa ya misa.

Niliporudi, skrini ilikuwa nyeusi. Niliigusa laptop, nikarudisha mkono haraka. Kati yake na zile feni kulikuwa na kitambaa cha kufuma, cheupe, kizito, kimekunjwa mara mbili.

Nyumbani kwetu hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa, hata kitambaa cha meza kina kitambaa chake. Miaka yote nimevumilia. Siku ile uvumilivu ulinishinda.

“Mama! Nimezunguka mji mzima natafuta upepo, wewe unauziba? Urembo gani huu? Jumamosi watu waje kuangalia vitambaa?”

Mama alikaa kwanza, akanyoosha khanga yake magotini.

“Si urembo, mwanangu. Zile feni zilikuwa zinampuliza. Na wewe unamjua baba yako na kifua chake.”

Nilikuwa bado nimefura, na ghafla sikuwa na mtu wa kumfokea. Nilichomoa kitambaa, nikasubiri laptop ipoe, nikaiwasha. Vipande vyote vilikuwepo. Nikawasha na feni. Kisha nikakitandaza kile kitambaa juu ya ukingo wa skrini, kikashuka pande zote mbili, kama kimekaa mabegani.

Baba akakohoa. Mama akasogea, akakivuta kidogo upande wa kushoto.