Beberu wa Mtani

Mboni wa Mchinga alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo na kichwa kigumu. Mumewe alifuatana na wapiganaji wa Maji Maji, akaiamini ile dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, hakurudi. Askari wa Mjerumani wakachoma maghala ya bara, njaa ikaingia. Mboni akashuka pwani na wanawe wawili na mzigo wa pingili za muhogo, akazipanda nyuma ya kibanda chake, akazungushia ua wa fito na miiba aliyoikata mwenyewe mpaka viganja vikatoka damu. Muhogo ule ndio uliokuwa uhai wa watoto wake. Hapakuwa na kingine.

Jirani yake alikuwa Likwata, Mmwera mwenzake, mwenye mbuzi wengi na maneno mengi zaidi. Koo zao zilikuwa za watani tangu enzi za mababu, basi kila asubuhi Likwata alimwambia kwamba ana miguu ya bata, naye Mboni akamjibu kwamba anamwona beberu amevaa kanzu. Wakacheka, maisha yakaenda.

Hata siku moja mbuzi wa Likwata wakaubomoa ule ua. Wakala majani, wakavunja mashina, na kabla Mboni hajauziba, nguruwe pori wakapita palepale wakafukua mizizi. Mboni alisimama katikati ya shamba akalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Akamwendea Likwata, akataka alipwe muhogo wake na ua usimamishwe upya. Likwata akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu lini mtani akadaiwa?

Wakafikishana barazani kwa Akida Abdurahmani, mtu wa pwani aliyewekwa na Wajerumani, mvivu wa mashauri madogo. Likwata akajitetea kwa mbwembwe: kwa Wamwera, mtani akichukua mali ya mtani wake halipi, na mbuzi walichukua kwa niaba yake. Akida akawauliza wazee waliokuwapo. Wakakiri kwamba mila ndivyo ilivyo, ingawa hawajapata kusikia mbuzi akitania. Akida alikuwa na njaa, akahukumu upesi.

"Bwana Akida," Mboni akasema, "naomba uirudie hukumu, watu wote wasikie."

"Mtani hamlipi mtani," akasema Akida. "Shauri limekwisha."

Mboni akapiga goti, akashukuru kwa adabu, kisha akaenda moja kwa moja zizini kwa Likwata. Akamshika pembe beberu mkubwa, yule ambaye Likwata aliwaringishia wageni, akamfunga kamba. Akaswaga na majike wawili, akapita nao mchana kweupe mbele ya baraza.

Likwata akaja mbio, kofia mkononi, akilalamika kuwa ameibiwa. Akida akamtazama beberu, akamtazama Likwata, na kwa mara ya kwanza siku ile akaifurahia kazi yake. Akasema hukumu imeshatolewa, na aliyeitaka ni Likwata mwenyewe. Baraza zima likaangua kicheko.

"Kesho nitarudi, mtani," Mboni akamwambia. "Zizi lako nimelipenda."

Likwata hakuingoja hiyo kesho. Jua halijatua alikuwa uani kwa Mboni na fito, miiba na mzigo wa pingili za muhogo, tena ameubeba yeye mwenyewe kichwani. Mboni alikaa juu ya kinu akimwonyesha palipolegea. Moyo wake ulijaa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu kabla ya vita, wala hakuificha.

Majike aliwabadilisha kwa mtama, watoto wakala mpaka muhogo mpya ukakomaa. Beberu hakumchinja. Alimfuga ndani ya ua ule aliojengewa, na kwa kuwa zizini kwa Likwata hakukubaki beberu mwingine, kila jike wake alipotaka kupandwa ilimbidi amvute kwa kamba hadi kwa jirani, asimame nje ya miiba aliyoifunga kwa mikono yake, na kupiga hodi.

"Karibu, mtani," Mboni alikuwa akiitikia kutoka ndani. "Leo umeniletea nini?"