Hisa za kampuni ya matela: nilikaa Mikumi siku tano nikihesabu

Wakuu, marahaba kwa wote walio wadogo kwangu. Haya yamenipata mwenyewe, sikusimuliwa. Jina la kampuni silitaji, msinisumbue inbox.

Marehemu mume wangu aliniachia hisa za kampuni inayotengeneza matela ya miwa, magari ya maji na ya zimamoto. Ndicho kitu chake pekee ambacho wanangu hawajagawana.

Mwaka huu bei ya hisa ikaanza kushuka. Gawio halikuja. Mwanangu Athumani akaja na maneno ya broker wake, dalali wa hisa. "Mama, uza zote kabla ya Ijumaa. Kampuni haina mbele."

Nikamuuliza, umeiona? Akanionyesha mstari kwenye simu, unateremka.

Mimi mstari siuelewi. Tela nalielewa. Nalima miwa Kidodi, nimeshaona matela yakivunjika ekseli katikati ya shamba.

Nikaenda Mikumi kwa mdogo wangu Mwajuma, anauza chakula pale njia panda. Tela jipya likitoka Dar kwenda kwa wakulima wa Kidodi, lazima lipite hapo. Nikakaa kwenye benchi, nikahesabu.

Mwajuma akaanza. "Dada, unahesabu matela au unatafuta mume?"

Nikamwambia angalia sufuria yako.

Siku nne, matela manne. Mekundu, mapya, yana nembo ya kampuni yetu, hayana hata namba. Nikampigia Athumani. "Kampuni inayokufa inauza tela kila siku?" Akasema atamuuliza broker wake. Nilifurahi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu.

Sasa, sisi wa miwa tuna tabia. Mzigo wako ukishapakiwa unachora alama ya mkaa kwenye tela, usije ukachanganywa na wa jirani kwenye mizani. Siku ile ya nne dereva aliposimama kula, mkono wangu ukaokota mkaa wa mchoma mahindi wa jirani, ukachora duara. Mazoea tu.

Siku ya tano likaja tela jipya. Lina duara langu.

Nikamfuata dereva kwenye sahani yake. "Mwanangu, mnaoleta matela haya mko wangapi?"

"Niko peke yangu, bibi. Na tela ni hili hili, la demo. Leo Kidodi, kesho Kilosa, watu walione."

"Wamenunua wangapi?"

"Wanaulizia wengi. Oda mbili. Hapa napitia kwa ajili ya samaki wa Mwajuma."

Mdogo wangu akainama kupuliza moto. Anapikia gesi.

Nikaingia uvunguni mwa tela. Ekseli nene, kulehemu kumetulia. Kitu ni kizuri. Na wakulima wenzangu hawanunui tela mpaka msimu wa kuvuna miwa ufunguliwe, hilo broker hajui.

Ijumaa nikauza nusu. Athumani anadhani nimeuza zote. Katangaza mpaka kwa shangazi zake Rudewa kwamba kamwokoa mama yake.

Msimu umefunguliwa, bei imeanza kupanda. Sasa anakuja kunipa pole, kila akija kabeba sukari. Napokea.

Nilichojifunza: usiuze hisa kwa kuonyeshwa mstari, na usijisifu kwa ulichohesabu barabarani kabla hujamsimamisha dereva ukamuuliza.

Mnaolijua soko, nusu hii niishike mpaka lini? Semeni kwa adabu. Na anayemfahamu Athumani asimtumie uzi huu, sukari bado haijanitosha.