Kiko Kilichoota Ngozi

Sisi wa umri wangu, tuliolelewa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa pale Ruiru, tulijua kuogopa sawasawa. Tuliogopa gari la hospitali, ati lilikuwa linanyonya watu damu. Tuliogopa sindano za shuleni, bata mzinga wa karani, na choo cha mwisho, kile cha upande wa mto. Mimi ndiye niliyeongoza kwa uoga, na sijashushwa nafasi mpaka leo. Hapa Ngoingwa ninakoishi sasa wananijua kama yule mama ambaye hata sokoni hutuma mtu. Lakini kitu nilichokiogopa kuliko vyote kilikaa ndani ya nyumba yetu, mdomoni mwa Guka.

Guka, baba wa baba yangu, alikuwa amempikia mzungu wa shamba miaka mingi. Mzungu alipofunga virago, alimwachia mkebe wa biskuti uliojaa vitu vyake vya tumbaku. Jumapili baada ya kanisa, githeri ya mahindi na maharagwe ikitokota na moshi wa kuni ukitutoa machozi, Guka alivipanga juu ya gazeti akatupatia mtihani: hiki kimetengenezwa na nini? Kulikuwa na kifaa cha miguu mitatu, mmoja wa kushindilia tumbaku, mmoja wa kukwangua majivu, mmoja wa kuzibua. Hicho kilikuwa rahisi. Ukikigonga kinalia: chuma. Kibweta cha ugoro kilikuwa pembe. Ukikisugua kwa nguvu kinanuka nywele zilizoungua. Kipande cha kuweka mdomoni kilikuwa cha manjano kama asali, na ukikisugua kwa sweta kiliokota vijipande vya gazeti chenyewe. Guka alisema ni utomvu wa mti uliogeuka jiwe. Aliyepatia alikatiwa avokado kubwa.

Kilichobaki ni kiko chenyewe. Kilikuwa kichwa cha mzee mwenye ndevu, cheupe, kimechongwa mpaka mikunjo ya macho. Kilikuwa kikubwa kama ngumi yangu lakini chepesi kama andazi. Hicho Guka hakukiuliza. Alisema mzungu hakumwambia, kisha akakijaza tumbaku.

Siku moja Guka akiwa shambani, binamu yangu Kamau, aliyenizidi miaka miwili na uongo mwingi, alikilamba. Kikamganda ulimini. Tukatafuta mfupa mkavu wa mbuzi wa Krismasi, tukaulamba, nao ukaganda. Basi jibu likapatikana: mfupa. Na mbuzi wa mfupa mnene hivyo hatukuwahi kumwona, kwa hiyo ulikuwa wa mtu.

Ningeweza kuishi na mfupa. Kilichonimaliza ni rangi. Kila mwezi weupe ulipungua, na rangi ya kahawia ikapanda kutoka shingoni, kama chai inavyopanda kwenye mkate. Kichwa kilikuwa kinaota ngozi. Guka naye alikuwa anakonda. Shati la kanisa lilimning'inia, na kikohozi chake kilisikika mpaka kwenye mibuni. Kamau akajumlisha mambo kwa sauti ya mhubiri: "Kinamnyonya kidogokidogo. Rangi ikifika machoni, Guka amekwisha."

Sasa, mimi nilipewa jina la Cucu, marehemu mke wake, kama ilivyo desturi yetu. Kwa hiyo Guka aliniita "mke wangu", na kazi za mke zikanifuata: kumpelekea chai, kumkemea akitoka bila koti. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka tisa na mume mgonjwa.

Kila asubuhi nilikikagua. Shingo. Ndevu. Mdomo. Likizo ya Agosti, na ile baridi ya kuuma masikio, ikakuta rangi iko puani.

Siku Guka alipoenda Thika kuonwa na daktari, nilichemsha maji, nikakitumbukiza kiko kwenye karai, nikakisugua kwa sabuni ya kipande na ule waya wa kusugulia sufuria. Nilijua kitapiga mayowe. Hakikupiga. Kililainika kama sabuni yenyewe. Weupe ukarudi, lakini pua ikabaki kwenye waya.

Guka aliporudi alinikuta mlangoni, kiko mapajani, sina hata akili ya kukificha. Alikichukua akakigeuza. Nikamweleza yote, ngozi, macho, hesabu ya Kamau, kamasi zikinitoka. Nilingoja fimbo. Yeye alikaa kwenye kigoda, polepole.

"Ilikuwa imefika wapi?"

"Puani."

"Mimi nilidhani bado iko mdomoni. Macho yangu siku hizi si mazuri. Hata mimi nimekuwa nikiiangalia, mke wangu."

Afadhali angenichapa. Mpaka siku hiyo nilidhani watu wazima ndio ukuta, na hofu ni ya sisi tuliojificha nyuma yake.

Alinikabidhi mkebe wote, akasema niufiche, na hata akiomba nisimpe. Na aliomba. Jioni nyingi aliomba kwa sauti ndogo, kidogo tu, mke wangu, nami nikimkatalia mzee aliyenizidi miaka sitini. Hakuninyang'anya hata siku moja. Alifariki nikiwa kidato cha tatu, bado anakohoa, lakini akiwa na mashavu.

Mwezi uliopita mpwa wangu Njoki, anayesoma chuo, alinitembelea akaukuta mkebe. Alikipiga kiko picha, na kabla chai haijapoa simu ikamwambia: ni jiwe jepesi linalochimbwa Uturuki, hunywa mafuta ya tumbaku, ndiyo maana hubadilika rangi. Ile asali ya manjano aliisugua kwa kidole mpaka ikapata joto, ikanuka dawa. Plastiki ya kizamani. Miaka yangu yote ya hofu ikaisha hivyo, nikiwa na kikombe mkononi. Watoto wa siku hizi wanajua kila kitu, na hakuna kinachowatisha.

Kisha Njoki akatoa chake mfukoni, kadude ka plastiki kama kalamu nene, sigara ya umeme. Akavuta, nyumba ikanukia maembe. Akakohoa, akavuta tena.

"Anti, wacha kuogopa. Huu ni mvuke tu."

Nikamnyooshea mkono anipe. Enzi zetu mzee mzima alimkabidhi mtoto wa miaka tisa mkebe wake wote, kwa sababu ya jina tu. Njoki alicheka, akasema nachekesha kweli, akakarudisha mfukoni. Mkono wangu ukabaki pale juu ya meza, wazi.