Mama wa Ultrasaundi

Mama wa ultrasaundi huipasha jeli joto viganjani kabla ya kumpaka mjamzito tumboni, na akianza kupima moyo wa mtoto hasemi neno. Siku ile nilimsindikiza dada yangu, aliyeambiwa kliniki nyingine kwamba moyo wa mwanawe una kasoro. Mama yule alikagua vyumba vinne vya moyo kimoja kimoja, akahesabu mapigo, akarudia pale wenzake wa kliniki ile walipotilia shaka. Dada akashindwa kuvumilia. "Mbona kimya, mama?"

"Nikiwa na wasiwasi huwa naongea sana, mwanangu." Kisha akamgeuzia skrini. "Tazama, milango ya moyo inafunguka na kujifunga vizuri. Moyo huu ni mzima." Dada akaangua kilio. Mama akangoja kwa subira, maana tumbo lilikuwa likitikisika na kipimo kimoja kilikuwa bado.