Siku Ambazo Shangazi Paskalina Hakuandika

Shangazi yangu Paskalina alipima mvua Rangwi miaka thelathini na moja, na hakuna aliyemlipa. Alianza mwaka 1986, enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru na malori ya Dar es Salaam yalipoanza kupanda milimani kufuata kabichi. Wenzake walikimbilia biashara, yeye akakabidhiwa na padre kipimo cha mvua kule misheni. Kila asubuhi alivuka kijito, akasoma, akaandika kwenye daftari. Isiponyesha aliandika sifuri.

Kijito kikifurika alishindwa kuvuka, basi mstari wa siku hiyo aliuacha mtupu. Akifika misheni baada ya siku tatu, alimwaga maji yote bila kuandika.

"Maji ya siku tatu siwezi kuyaita ya siku moja, Klara," aliniambia. "Nitakuwa muongo."

Klara ndiye mimi, msomi wa ukoo! Mwaka 2017 nilikuwa chuoni Dar, nasomea kompyuta, kichwa kimevimba kwa majivuno. Niliazima madaftari yake nikayaingiza yote kwenye mashine, ili niifundishe kutabiri mvua. Nilitumia mtandao wa neva wa kujirudia, ule unaosoma siku moja baada ya nyingine na kubeba kumbukumbu ya jana kuingia nayo leo. Wala sikuuandika mwenyewe. Upo tayari kwenye maktaba za programu, unauita kwa mistari michache tu.

Lakini mashine haisomi mstari mtupu. Unaweza kuweka alama ukaiambia siku hii iruke, haina habari. Hata maelezo ya maktaba yanasema hivyo. Mimi niliona uvivu, nikajaza sifuri kila palipokuwa wazi.

Mwezi wa nne nilikuja likizo na kompyuta yangu, nikamrudishia madaftari yake. Mvua ilikuwa imepiga siku nne mfululizo, na Shangazi alitaka kuchimba viazi vyake vya bondeni Jumamosi ile ile.

"Subiri Jumatano, Shangazi," nikasema. "Mashine inaonyesha siku tatu kavu. Viache vinenepe."

Alitazama mawingu, akanitazama mimi.

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Jumatatu asubuhi kijito kiliingia shambani kikazoa viazi, matuta na udongo wake. Tulisimama juu ya ukingo tukitazama maji mekundu. Nililia kwa aibu. Shangazi ndiye aliyenibembeleza.

"Mashine imesoma nilichoandika," akasema. "Daftari langu ndilo bovu."

Nikajibu, "Labda, Shangazi." Loo, mdomo huu!

Nilirudi chuoni. Mwezi wa sita, nikipitia kazi yangu, nikaona. Siku alizoacha wazi ndizo zilizokuwa na mvua kubwa kuliko zote, ndiyo maana hakuvuka. Mimi nikaziita kavu. Kwa hiyo kila mvua ilipozidi siku kadhaa, mashine ilijua kinachofuata ni ukavu. Nilikuwa nimeifundisha uongo ambao Shangazi alikataa kuuandika. Nikaona haya kumwambia. Nikajisemea, nitamwambia ana kwa ana Krismasi.

Krismasi nilimkuta jikoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu moto."

Nikauliza kama bado anasoma kipimo. Hapana, alikuwa amewarudishia misheni kazi hiyo mwezi wa saba. Na madaftari? Aliyatumia kuwashia moto, ile baridi ya mwezi wa nane, maana kuni zilikuwa mbichi.

Nikapiga magoti pale pale nikamweleza yote. Nikasema namba zake ninazo zote kwenye kompyuta, kama vile hilo lingemsaidia nini sijui.

Alisikiliza huku akisukuma kuni.

"Kwa hiyo nilikuwa naandika vizuri?"

"Vizuri kabisa, Shangazi."

"Na wewe umelijua hilo tangu lini?"

"Mwezi wa sita."

Akafuta macho kwa kanga, na haukuwa moshi.

"Ungenipigia tu, Klara. Simu ninayo."